Bei ya Kinyongo

Mada ya jioni hii ni mpiga kura mmoja wa Marekani ambaye magazeti humkumbuka kila baada ya miaka minne, kisha humsahau matokeo yakishatangazwa. Ni mhafidhina. Anataka kodi iwe ndogo, serikali isijitanue, mtoto aliye tumboni alindwe na sheria, na majaji waisome katiba kama ilivyoandikwa. Chama chake ni Republican, na pengine ndicho kilichokuwa chama cha wazazi wake. Sasa chama hicho kimemsimamisha mgombea urais ambaye yeye hamtaki, ama kwa kuwa hamwamini katika mambo hayo, ama kwa kuwa hamheshimu kama mtu. Afanye nini? Anaopewa ni ushauri wa aina mbili: ameze machungu akampigie, au ashike dhamiri yake akae nyumbani. Ninadai kwamba mashauri yote mawili yanakosea mahali pamoja, kwa sababu yote yanaanza kumshughulikia mtu huyu siku ya kupiga kura, wakati mambo yake ya maana yameshakwisha miezi kadhaa nyuma. Kinyongo cha mpiga kura kina bei. Bei hiyo hulipwa pale tu mgombea anapoamini kwamba kura ile inaweza kweli kumponyoka, na hulipwa mapema. Kinyongo ambacho kila mtu anajua kitakwisha chenyewe ikifika Novemba hakilipwi kitu, hata kikipigiwa kelele mwaka mzima.

Kwanza tuone anavyompata mgombea huyo, maana kwetu jambo hili lina utata wake. Aliyefuatilia vikao vya Dodoma mwaka 2015 aliona jina la Edward Lowassa likikatwa na vikao vya juu vya CCM kabla halijawafikia wajumbe wa mkutano mkuu, na mwanachama wa kawaida aliyeudhika alijua wa kumlaumu. Marekani hakuna kikao cha kukata majina. Tangu miaka ya 1970 wagombea urais wa vyama vikubwa huamuliwa na kura za mchujo, jimbo baada ya jimbo, na wanaopiga kura hizo ni wananchi wenyewe. Inakuwaje basi wahafidhina, ambao ndio wengi ndani ya chama, waishie na mtu wasiyemtaka? Jibu liko kwenye hesabu. Majimbo mengi upande wa Republican humpa anayeongoza wajumbe wote wa jimbo katika mkutano mkuu wa kuteua mgombea, au sehemu kubwa kuliko stahili yake, hata kama hakufika nusu ya kura. Mwaka 2008 John McCain alishinda New Hampshire kwa asilimia 37, South Carolina kwa 33 na Florida kwa 36, na Florida ikamkabidhi wajumbe wake wote. Kule South Carolina wahafidhina walikuwa wengi kuliko wafuasi wake, ila waligawana kati ya Mike Huckabee, Fred Thompson na Mitt Romney. Mwaka 2016 walijitokeza wagombea 17. Donald Trump hakupata nusu ya kura katika jimbo lolote mpaka New York, tarehe 19 Aprili, na mchujo ulipokwisha alikuwa na takriban asilimia 45 ya kura zote. Kwa hiyo anayemwambia mhafidhina wa 2008 au 2016 anyamaze kwa kuwa wengi wameshaamua, anatumia neno “wengi” kwa uhuru kidogo. Mwaka 2024 hoja hiyo ina nguvu zaidi, kwa sababu Trump alipata karibu robo tatu ya kura zote za mchujo. Nitaufikia mwaka huo.

Ushahidi wa kwanza ni wa mwaka 1976. Rais Gerald Ford alikuwa Ikulu bila kuchaguliwa na taifa. Aliingia Richard Nixon alipojiuzulu. Wahafidhina walimwona amelegea mbele ya Wasovieti, na makamu wake, Nelson Rockefeller, hawakutaka hata kumsikia. Ronald Reagan alijitokeza kumpinga rais wa chama chake mwenyewe, na katika mkutano mkuu wa Kansas City mwezi Agosti Ford alishinda kwa wajumbe 1,187 dhidi ya 1,070. Tazama alicholipa mshindi. Rockefeller alikuwa ameshatangaza kuachia nafasi tangu Novemba 1975, kabla mchujo haujaanza. Pale Kansas City kambi ya Reagan ilileta kipengele cha ilani kuhusu maadili katika sera za nje, ambacho kwa kweli kilikuwa kofi kwa Henry Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Ford mwenyewe. Ford alikiacha kipite bila kupambana ukumbini, maana hakuwa na hakika na hesabu ya wajumbe wake. Mgombea mwenza akawa Bob Dole, mtu ambaye Reagan hakuwa na neno naye. Wala tusiwatakase wahafidhina kupita kiasi: Reagan naye, akiwinda wajumbe wa Pennsylvania, alimtangaza mapema Richard Schweiker, seneta mwenye msimamo wa kiliberali, kuwa mgombea mwenza wake, na baadhi ya wajumbe wa Mississippi waliokuwa wakimwelekea wakachukia.

McCain ana kisa kinachofundisha zaidi, kwa sababu tunayo kauli yake mwenyewe. Hakuna aliyetilia shaka ushujaa wa mtu aliyekaa mateka Vietnam zaidi ya miaka mitano. Kilichowaudhi wahafidhina ni rekodi yake ya Seneti: sheria ya 2002 ya kudhibiti fedha za kampeni aliyoitunga pamoja na Russ Feingold wa Democrat, kura zake za kupinga punguzo la kodi la George W. Bush mwaka 2001 na 2003, na mswada wa uhamiaji aliousukuma bega kwa bega na Ted Kennedy, seneta mwingine wa Democrat. Tarehe 7 Februari 2008, akihutubia kongamano la kila mwaka la wahafidhina jijini Washington, alizomewa alipogusa uhamiaji. James Dobson, sauti kubwa ya Wakristo wa kiinjili wakati huo, alikuwa ameshatamka hadharani kwamba hatampigia. Basi alipofika wakati wa kuchagua mgombea mwenza, McCain alimtaka rafiki yake Joe Lieberman, seneta aliyekuwa Democrat na mtetezi wa haki ya kutoa mimba. Washauri wake wakamwonya kwamba wajumbe wangeasi mkutanoni St. Paul. Tarehe 29 Agosti akamtangaza Sarah Palin, gavana wa Alaska, na wahafidhina waliokuwa wamenuna wakainuka kushangilia. Katika kitabu alichotoa mwaka 2018, miezi michache kabla hajafa, McCain aliandika kwamba anajutia kutomchagua Lieberman. Majuto hayo ni stakabadhi. Yanaonyesha kwamba alilipa kitu ambacho kwa hiari yake asingelitoa.

Sasa mwaka 2016. Trump alikuwa na kila dosari ambayo mhafidhina angeweza kuiorodhesha. Mwaka 1999 alijitangaza kwenye televisheni kuwa mtetezi mkubwa wa uhuru wa kutoa mimba. Kwa miaka kadhaa alikuwa ameandikishwa kama mwanachama wa Democrat. Alibeza biashara huria, ambayo chama kiliihubiri tangu enzi za Reagan. Januari 2016 jarida la National Review, ambalo kwa miaka sitini lilikuwa kama meza ya dua ya wahafidhina, lilitoa toleo maalumu la kumpinga, lenye michango ya waandishi zaidi ya ishirini. Februari 13 akafa jaji Antonin Scalia, kiti cha Mahakama ya Juu kikabaki wazi, na viongozi wa Republican katika Seneti wakakataa kumsikiliza mtu yeyote ambaye Rais Obama angemteua. Hapo ndipo kinyongo kilipopata bei inayohesabika. Tarehe 18 Mei Trump alichapisha majina 11 ya majaji ambao miongoni mwao angetafuta mrithi wa Scalia, jambo lisilo la kawaida kwa mgombea. Julai, kwenye mkutano mkuu wa Cleveland, Ted Cruz, seneta mhafidhina aliyekuwa ameshindwa na Trump kwenye mchujo, alipanda jukwaani akakataa kumuunga mkono, akawaambia Warepublican wapige kura kwa dhamiri zao, ukumbi ukamzomea. Tarehe 23 Septemba Trump alitoa majina mengine 10, akiwemo Neil Gorsuch, na akiwemo Mike Lee, seneta wa Utah na rafiki mkubwa wa Cruz. Siku hiyohiyo Cruz akatangaza kwamba atampigia, na sababu ya kwanza aliyoitaja ni Mahakama ya Juu. Gorsuch aliteuliwa Januari 2017. Trump aliteua majaji watatu katika muhula wake wa kwanza, na tarehe 24 Juni 2022 mahakama hiyo ilifuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba iliyodumu karibu miaka hamsini. Mtu anaweza kuifurahia hukumu ile au kuilaani. Hoja yangu haitegemei hilo. Orodha ile isingeandikwa kama mgombea angekuwa na uhakika wa kura za watu wale.

Utah inahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa huko ndiko tishio lilipotekelezwa. Jimbo hilo, ambalo sehemu kubwa ya wakazi wake ni Wamormoni, halijampa Democrat ushindi wa urais tangu 1964. Mwaka 2012 Romney, Mmormoni mwenzao, alipata huko karibu asilimia 73. Tarehe 7 Oktoba 2016 ikasikika ile kanda ambamo Trump alijisifu kwa kuwashikashika wanawake, na kesho yake Deseret News, gazeti linalomilikiwa na kanisa lao, likamtaka ajiondoe kwenye kinyang’anyiro. Walikuwa na mahali pa kwenda. Evan McMullin, afisa wa zamani wa CIA aliyezaliwa Provo, alikuwa ameingia Agosti kama mgombea huru, bila fedha wala jina. Siku kumi na tatu hivi kabla ya uchaguzi Mike Pence, mgombea mwenza wa Trump, alikuwa Salt Lake City akiwasihi Warepublican warudi nyumbani, saa ambazo kwa kawaida zingetumika Ohio au Pennsylvania. McMullin alipata asilimia 21.5, Trump akashinda kwa asilimia 45.5 tu. Wapo wanaouliza: watu wa Utah walipata nini, ikiwa aliyeshinda ni yuleyule? Nadhani walichopata ni nafasi ya kutembea wima ndani ya chama chao. Romney, ambaye Machi 2016 alisimama Chuo Kikuu cha Utah na kumwita Trump tapeli, aligombea useneta wa Utah mwaka 2018, na Trump, aliyezoea kuwamaliza waliompinga kwenye mchujo, akamuunga mkono. Tarehe 5 Februari 2020 Romney akawa seneta wa kwanza katika historia ya Marekani kupiga kura ya kumtia hatiani rais wa chama chake. Seneta wa jimbo lisilo na sifa ya kuponyoka angefikiri mara mbili.

Pingamizi kubwa tunalijua sote: kumnyima kura mgombea wako ni kumpa mpinzani, na mpinzani ni mbaya zaidi. Mwaka 2016 Trump alishinda Michigan kwa kura 10,704 na Wisconsin kwa 22,748, kwa hiyo huwezi kuwaambia wahafidhina wa huko kwamba kura moja moja hazina uzito. Ninalikubali pingamizi hili kwa Michigan na Wisconsin, na silikubali kwa sehemu kubwa ya nchi. Majimbo 48 humpa mshindi wajumbe wote wa uchaguzi wa rais. Mhafidhina wa Alabama anajua chama chake kitashinda hata akilala. Wa California anajua kitashindwa hata akikesha kituoni. Mamilioni ya wahafidhina wa majimbo ya namna hiyo wanaweza kumpigia mgombea mwingine bila kumbadilisha rais, na bado idadi yao ikaonekana na kila mtu anayesoma matokeo. Kwa yule wa Wisconsin, pingamizi linamfunga mwezi Novemba, halimfungi mwezi Mei. Muuza vitenge wa Kariakoo akishakusikia ukisema kwamba hutoki dukani bila kitambaa kile, bei haishuki hata shilingi. Ila ukishanyoosha mguu kuelekea duka la jirani anakuita. Aliyeitwa akarudi akanunua hajamsaliti mtu. Kosa la wahafidhina wengi ni kutangaza mapema, tena kwa fahari, kwamba watampigia yeyote mwenye jina la Republican, kisha wakaanza kulalamika.

Wengine wanasema ushindi wenyewe ndio hupotea: Ford alilipa akashindwa, McCain alilipa akashindwa. Hili nalipita haraka. Ford alibeba msamaha aliompa Nixon, na McCain alibeba vita vya Iraq na kuanguka kwa benki ya Lehman Brothers tarehe 15 Septemba 2008. Sioni jinsi ya kuyapima hayo ukayatenga na ilani au na Palin. Trump alilipa mwaka 2016 akashinda.

Pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi linatoka upande wa pili, kwa mhafidhina mwenye dhamiri nyororo. Yeye anasema kura si mali ya kupigiwa bei, ni ushuhuda; kama mgombea hafai, jukumu lake linaishia kwenye kukataa. Namheshimu. Lakini tuitazame karatasi yenyewe. Mmarekani hapewi karatasi ya rais peke yake. Katika karatasi moja hukuta rais, seneta, mbunge, wabunge wa jimbo, pengine majaji, mkuu wa polisi wa wilaya, wajumbe wa bodi ya shule na maswali ya kura ya maoni. Anaweza kuruka mstari wa juu kabisa, akajaza yote yanayofuata, na kura zake hizo zikahesabika vizuri. Katika baadhi ya majimbo, Alabama mojawapo, kuna alama moja ya kukipigia chama chote kwa mpigo, na asiyetaka inambidi ashuke mstari kwa mstari. Mwaka 2016, Michigan, zaidi ya watu 75,000 walipiga kura bila kumchagua mgombea yeyote wa urais, mara saba ya tofauti iliyompa Trump jimbo hilo. Walikuwa akina nani? Wahafidhina waliomkataa Trump? Wademocrat wafuasi wa Bernie Sanders waliomkataa mgombea wao, Hillary Clinton? Karatasi tupu haisemi, na kwa hiyo vyama vyote viwili vilikuwa huru kuitafsiri vinavyopenda. George W. Bush, rais mstaafu wa chama hichohicho, naye aliacha nafasi ya rais wazi mwaka ule. Tulilijua kwa kuwa msemaji wake alilitangaza siku yenyewe ya uchaguzi, lilipokuwa karibu halina tena la kubadilisha. Dhamiri zao zilibaki safi. Ila usafi huo haukumgharimu mgombea yeyote.

Nafika mwaka 2024, ambao ndio mtihani wa hoja yangu. Tarehe 8 Julai kamati ya ilani ya Republican, ikikutana Milwaukee, ilipitisha ilani ya kurasa chache iliyoletwa na watu wa Trump. Kwa miongo kadhaa ilani za chama zilidai katiba irekebishwe ili mtoto aliye tumboni apate ulinzi. Dai hilo likaondolewa, na sheria za kutoa mimba zikaachiwa majimbo. Kauli ya kwamba ndoa ni ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja nayo ikatoweka. Watu walewale walioandikiwa orodha ya majaji mwaka 2016 hawakuandikiwa chochote mwaka 2024. Ni kweli walinung’unika, Pence akiwa mmoja wao. Lakini Wakristo weupe wa kiinjili, ambao mwaka 2016 na 2020 karibu wanane katika kila kumi walimpigia Trump, hakuna aliyeamini kwamba wangefanya vingine, na kweli hawakufanya.

Mtu makini atanijibu kwamba ilani ilibadilika kwa sababu nyingine kabisa: wahafidhina walikuwa wameshindwa kwenye masanduku. Agosti 2022 wapiga kura wa Kansas, jimbo la Republican, walikataa kwa asilimia 59 kuondoa ulinzi wa haki ya kutoa mimba katika katiba yao, na Novemba 2023 Ohio ikauingiza ulinzi huo katika yake kwa asilimia 57. Trump aliogopa. Nakubaliana na maelezo hayo kabisa. Aliwaogopa akina nani? Wanawake wa vitongoji na wapiga kura wasio na chama, watu ambao walikuwa wamethibitisha kwamba wanaweza kuondoka. Ilani iliwafuata wale wenye mguu mlangoni, ikawaacha walioketi. Waliolipwa mwaka ule ni wengine.

Tena ndani ya mwaka huohuo kuna siku mbili zinazostahili kutazamwa pamoja. Florida, anakopigia kura Trump, ilikuwa na sheria ya kuzuia utoaji mimba baada ya wiki sita, na wananchi walikuwa waamue Novemba, kwa badiliko la katiba ya jimbo, kama waibatilishe. Tarehe 29 Agosti Trump alimwambia mwandishi wa NBC kwamba wiki sita ni chache mno, kwa maneno yaliyoeleweka kwamba angeunga mkono badiliko hilo. Siku hiyohiyo, huko Michigan, aliahidi kwamba serikali au kampuni za bima zingegharimia upandikizaji wa mimba maabara, matibabu ambayo Kanisa Katoliki linayakataa na ambayo wajumbe wa Wabaptisti wa Kusini walikuwa wameyatilia shaka rasmi mwezi Juni. Kuhusu Florida wanaharakati waliwaka, na wengine wakasema waziwazi kwamba hapo ndipo mpaka wao. Kesho yake, tarehe 30, Trump akatangaza kwamba atapiga kura ya kupinga badiliko lile. Lilipata asilimia 57 Novemba, pungufu ya 60 zilizotakiwa, na sheria ya wiki sita ikabaki. Kuhusu upandikizaji wa mimba walikosoa kwa upole, wakaendelea na kampeni, na ahadi ikabaki kama alivyoitoa.